Santuri Zilizofutwa Majina: Wakusanyaji wa Santuri za Fanki na Mwanzo wa Hip-hop

Utangulizi

Kila mwanafunzi wa fasihi simulizi amepata kukutana na taabu hii: tungo imeishi vinywani na masikioni mwa watu kwa miaka mingi, kisha siku moja inatiwa katika chombo, kiwe ni daftari, kitabu au santuri, na tangu siku hiyo watu huanza kuihesabia umri. Chombo huchukuliwa kuwa ndio mwanzo. Makala haya yanakusudia kuitazama taabu hiyo katika uwanja ambao pengine haujazoeleka katika kurasa za majarida ya lugha, yaani ukusanyaji wa santuri za fanki na za hip-hop ya mwanzo katika mji wa New York, nchini Marekani.

Hip-hop ina tarehe mbili za kuzaliwa. Ya kwanza ni 11 Agosti 1973, usiku ambao Clive Campbell, kijana wa miaka 18 aliyejulikana kwa jina la Kool Herc, alipiga santuri katika dansi iliyoandaliwa na dada yake Cindy kwenye jengo la makazi nambari 1520, Sedgwick Avenue, katika mtaa wa Bronx. Ya pili ni mwaka 1979, zilipotoka santuri za kwanza za muziki huo. Baina ya tarehe hizo mbili kuna miaka sita ambayo haikutuachia santuri ya hip-hop yenyewe. Hata hivyo ilikuwa ni miaka iliyojaa santuri za watu wengine, zilizotafutwa, zikanunuliwa, zikafichwa na kupigwa upya kwa namna ambayo watungaji wake hawakuitazamia.

Hoja yetu ni kwamba katika miaka hiyo sita mkusanyaji wa santuri ndiye aliyekuwa mtunzi. Lakini kwa kuwa ujuzi wake ulikuwa siri ya kazi, alilazimika kuyafuta majina ya wale aliochota kwao. Kwa hiyo historia ya muziki huu ni, kwa sehemu kubwa, historia ya majina yaliyofutwa na ya watu waliojitahidi baadaye kuyarudisha. Tena, kama tutakavyoona, kumrudishia mtu jina lake si sawa na kumrudishia haki yake.

Kabla ya kuendelea yafaa tueleze istilahi mbili. Kitendo cha kutoa maneno yenye vina juu ya mapigo ya muziki tutakiita kughani, kwa kuwa kinakaribiana na kile ambacho malenga wetu wamekiita hivyo tangu zamani. Ama ile sehemu ya wimbo ambapo waimbaji na ala nyingine hunyamaza, ikabaki ngoma peke yake, tutaiita mwanya.

Fanki na mwanya wa ngoma

Fanki ilichipuka kutokana na muziki wa Wamarekani weusi katika miaka ya 1960, na mtu aliyeipa sura yake hasa ni James Brown. Katika wimbo wake "Cold Sweat" wa mwaka 1967, ala zote, hata gitaa na tarumbeta, zinafanya kazi ya ngoma: kila moja inapiga kipande kifupi, inakirudia, na uzito wote unaangukia pigo la kwanza la kipimo. Katikati ya wimbo mwimbaji anawataka wenzake wampe mpigangoma nafasi, nao wananyamaza. Mpigangoma huyo alikuwa Clyde Stubblefield. Hapo ndipo ulipo mwanya, na wachezaji walipenda sana sehemu hiyo ingawa haikuchukua muda mrefu.

Ufupi wake ulitokana kwa kiasi fulani na chombo chenyewe. Santuri ndefu ya mizunguko 33 na theluthi kwa dakika ilianza kuuzwa na kampuni ya Columbia mwaka 1948, na santuri ndogo ya inchi 7 yenye mizunguko 45 ikatolewa na RCA mwaka 1949. Nyimbo nyingi za fanki ziliuzwa katika santuri hizo ndogo, ambazo upande mmoja haukuwa na nafasi ya kutosha kwa wimbo mrefu. Hivyo wimbo ulikatwa sehemu mbili, ya kwanza upande wa mbele na ya pili upande wa nyuma. Mkusanyaji alipaswa kujua mwanya umo upande gani. Kadhalika alipaswa kujua umo katika toleo gani, kwa sababu wimbo mmoja uliweza kuwa na matoleo yanayotofautiana. Mfano mzuri ni "Give It Up or Turnit a Loose" wa James Brown. Ulitoka kwanza kama santuri ndogo mwaka 1969. Lakini wapiga santuri wa Bronx walichotafuta ni ule uliorekodiwa upya na kutiwa katika santuri ndefu iitwayo Sex Machine ya mwaka 1970. Aliyenunua santuri ndogo alikuwa na wimbo, lakini hakuwa na mwanya alioutaka.

Msomaji aliyezoea kulinganisha miswada ya utenzi mmoja ataitambua hali hii mara moja. Vijana wa Bronx, ambao wengi wao hawakuwa na elimu ya muziki wala ya maktaba, walikuwa wakifanya uhakiki wa matini: kulinganisha matoleo, kuchagua lililo bora, na kukumbuka kila tofauti.

Kutoka Kingston hadi Bronx: desturi ya kuficha jina

Kool Herc alizaliwa Kingston, Jamaika, mwaka 1955, akahamia New York mwaka 1967. Kingston ya miaka ya 1950 ilikuwa na desturi ya mitambo mikubwa ya sauti iliyopigwa uwanjani, na wenye mitambo walishindana kwa santuri za Marekani ambazo wapinzani wao hawakuwa nazo. Clement Dodd, aliyejulikana zaidi kwa jina la Coxsone, aliwahi kuikwangua lebo ya santuri ya Willis Jackson iitwayo "Later for the Gator", akaupa wimbo jina jipya, "Coxsone Hop", na kuupiga kama wimbo wa mtambo wake. Mpinzani wake Duke Reid aliutafuta kwa muda mrefu kabla ya kuupata. Lebo ilipokwanguliwa, wimbo uliingia katika milki ya aliyeupiga.

Desturi hiyo ilivuka bahari. Kool Herc aliziloweka santuri zake majini ili lebo zibanduke, asije mtu akachungulia na kuyasoma majina. Wala hakuwa peke yake. Kufunika au kubandua lebo kulikuwa ni kinga ya kawaida katika ushindani wa Bronx. Twaweza kuona sababu yake. Mpiga santuri hakuimba wala hakupiga ala. Alichokuwa nacho, ambacho wenzake hawakuwa nacho, ni maarifa ya santuri ipi ina mwanya gani. Maarifa hayo yakishajulikana, mtu yeyote mwenye fedha kidogo angeweza kwenda dukani na kuwa sawa naye. Palikuwa na duka mashuhuri, Downstairs Records, lililokuwa chini ya ardhi kwenye stesheni ya reli ya mjini, na vijana walikwenda huko kufukua makasha kwa saa nyingi.

Upana wa ukusanyaji huo unastahili kutajwa. Herc alipoanza kuiunganisha myanya ya santuri mbalimbali, mmoja baada ya mwingine, kwa mtindo alioulinganisha na bembea ya kuzunguka, alianza na James Brown, akaja kwenye santuri ya Incredible Bongo Band iitwayo Bongo Rock ya mwaka 1973, akamalizia na "The Mexican" wa Babe Ruth, bendi ya roki ya Uingereza, wa mwaka 1972. Wimbo "Apache" uliomo katika Bongo Rock ulitungwa na Mwingereza Jerry Lordan na kuvuma kwa kupigwa na bendi ya The Shadows mwaka 1960. Ukarekodiwa upya na wanamuziki wa kukodiwa studioni, akiwamo King Errisson, mpigangoma mzaliwa wa Bahama. Haukupata umaarufu mkubwa redioni. Ni wakusanyaji wa Bronx waliouokota na kuufanya kuwa kama wimbo wa taifa lao dogo. Mkusanyaji hakuuliza santuri ilitoka kwa nani wala ni ya aina gani. Aliuliza tu kama ina mwanya.

Mbinu ziliendelea kuboreshwa. Joseph Saddler, au Grandmaster Flash, mzaliwa wa Barbados, aliweka alama za kalamu ya rangi juu ya santuri ili ajue mwanya unaanzia wapi, na kwa kuwa na nakala mbili za santuri moja aliweza kuurudisha nyuma mmoja huku mwingine ukilia, hata sekunde chache zikawa dakika nyingi. Kutokana na mbinu hiyo mkusanyaji alihitaji kila santuri mara mbili. Kwa kijana asiye na kazi hilo halikuwa jambo dogo, nalo linaeleza kwa nini makasha ya santuri yalilindwa kama mali ya thamani, na kwa nini watu wenye misuli walipewa kazi ya kuyabeba.

Santuri za mwaka 1979

Waghani walikuwapo tangu miaka ya mwanzo. Kwanza walitoa salamu na majigambo mafupi, halafu wakatunga beti ndefu za kupokezana. Sauti zao zilihifadhiwa katika kaseti zilizorekodiwa kwenye dansi, zikanakiliwa na kupitishwa mkono kwa mkono. Kwa mtaalamu wa lugha, kaseti hizo ndizo shahidi lililo karibu zaidi na utendaji wenyewe, kwa maana zina vifijo vya hadhira, makosa, na maneno yaliyozuliwa papo kwa papo.

Mwaka 1979 hali ilibadilika. Bendi ya Fatback ilitoa "King Tim III", na wiki chache baadaye Sylvia Robinson, mwenye kampuni ya Sugar Hill huko New Jersey, akatoa "Rapper's Delight" ya kundi la Sugarhill Gang, katika santuri ya inchi 12. Muziki wake ulikuwa ni ule wa "Good Times" wa bendi ya Chic, uliopigwa upya na wanamuziki wa studio. Kwa hiyo santuri iliyoitambulisha hip-hop ulimwenguni haikuwa na mpiga santuri ndani yake. Yule aliyeuanzisha muziki, yaani mkusanyaji, ndiye wa kwanza kuachwa nje chombo kilipofika.

Lipo jambo jingine katika santuri hiyo ambalo wahakiki wa tungo zetu watalifurahia na kulisikitikia kwa pamoja. Mmoja wa waghani wake, Henry Jackson aliyeitwa Big Bank Hank, alitumia beti zilizotungwa na Curtis Fisher, mghani wa Bronx aliyejulikana kama Grandmaster Caz na ambaye pia alijiita Casanova. Fisher hakutajwa katika lebo wala hakulipwa. Lakini mghani alipozikariri beti alizopewa, alilitaja hata jina la mtunzi wake, herufi kwa herufi, kana kwamba ni lake mwenyewe. Washairi wa pwani ya Afrika Mashariki waliweka majina yao katika beti za mwisho za tenzi ili kujilinda na jambo kama hilo. Lebo ya "Rapper's Delight" inasema neno moja na ubeti unasema jingine, na anayesema kweli ni ubeti.

Miaka miwili baadaye, mwaka 1981, Sugar Hill ilitoa santuri ya Grandmaster Flash ambayo ilitengenezwa kwa kupiga santuri za wengine tu, miongoni mwake "Good Times" na "Apache". Hapo ndipo sanaa ya mkusanyaji ilipoingia katika santuri kwa sura yake yenyewe, miaka minane baada ya ile dansi ya Sedgwick Avenue.

Majina yanarudishwa

Katika nusu ya pili ya miaka ya 1980 mambo mawili yalitukia kwa pamoja. La kwanza ni kuenea kwa mashine zilizoweza kunasa kipande cha sauti kutoka katika santuri na kukirudia pasipo kukoma. E-mu SP-1200 ilitoka mwaka 1987 na Akai MPC60 mwaka 1988. Sasa nakala mbili hazikuhitajika tena. La pili ni kutolewa kwa mfululizo wa santuri ulioitwa Ultimate Breaks and Beats, juzuu 25 kati ya mwaka 1986 na 1991, uliotayarishwa na Lenny Roberts na Lou Flores. Mfululizo huo ulikusanya nyimbo zilizokuwa siri ya wapiga santuri na kuyachapa majina yake waziwazi. Kazi ya kuloweka lebo ilifikia kikomo, kwani kilichobanduliwa kwa maji mwaka 1975 kilikuwa kinauzwa madukani mwaka 1986.

Katika juzuu ya kwanza ulikuwamo wimbo "Amen, Brother" wa The Winstons, uliotoka mwaka 1969 kama upande wa nyuma wa "Color Him Father". Mwanya wake una vipimo vinne tu, sekunde zisizozidi saba. Aliyeupiga ni Gregory Coleman. Sekunde hizo zimechotwa katika nyimbo zisizo na idadi, na mitindo mizima ya muziki wa dansi wa Uingereza ya miaka ya 1990 ilijengwa juu yake. Coleman alifariki mwaka 2006 bila kupata malipo yoyote kwa matumizi hayo. Kiongozi wa bendi, Richard Spencer, aliyekuwa na hakimiliki, hakupata mrabaha pia. Mwaka 2015 wapenzi wa muziki walimchangia takribani pauni 24,000 kwa hiari yao, naye akafariki mwaka 2020.

Hali ya Clyde Stubblefield inafanana na hiyo. "Funky Drummer", uliorekodiwa Novemba 1969 na kutolewa mwaka 1970 katika santuri ndogo, ulisahaulika hata ulipotiwa katika mkusanyiko wa In the Jungle Groove mwaka 1986. Baada ya hapo mwanya wake ulichotwa mamia ya mara, ukiwamo katika "Fight the Power" wa Public Enemy wa mwaka 1989. Lakini wimbo uliandikishwa kwa jina la James Brown peke yake. Stubblefield, aliyefariki mwaka 2017, alitambuliwa na kusifiwa na wakusanyaji wa dunia nzima, ila sheria haikumtambua kuwa mtunzi wa kitu chochote.

Sheria yenyewe ilizungumza kwa ukali mwaka 1991, katika kesi ya wimbo wa Gilbert O'Sullivan uliochotwa na Biz Markie. Hakimu alianza hukumu yake kwa amri ya Biblia inayokataza wizi. Tangu hapo uchotaji ulihitaji idhini na fedha. Yafaa tuone, hata hivyo, ni nani aliyelindwa. Hukumu ilimlinda mwenye wimbo ulioandikishwa. Mpigangoma aliyeajiriwa kwa siku moja, akalipwa ujira wake na kwenda zake, hakuwa na kitu cha kulindwa. Katika macho ya hakimiliki wimbo ni maneno na lahani. Ngoma ilihesabiwa kama pambo. Twaweza kusema kwamba sheria ilirithi dhana ile ile ambayo mara nyingi imewafanya wanaoandika nyimbo zetu za ngoma kuyanakili maneno na kuuacha mdundo, kana kwamba mdundo si sehemu ya matini.

Thamani ya ushahidi

Mkusanyaji wa leo hana budi kuwa mwanahistoria. Santuri iliyobanduliwa lebo si bubu kabisa: kati ya mfuo wa mwisho na lebo, katika plastiki yenyewe, kuna nambari iliyochorwa kiwandani inayotaja rekodi na mara nyingine kiwanda. Lebo ilitengenezwa kwa karatasi ikabanduka, nambari ikabaki. Kwa nambari hizo toleo la kwanza hutenganishwa na la pili, na la halali na la kughushi. Kadhalika alama za kalamu ya rangi na mikwaruzo iliyojikusanya mahali pamoja, ambayo mfanyabiashara huiona kuwa hasara, kwa mtafiti ni maandishi ya pembeni: yanaonyesha mwanya ulikuwa wapi na sindano ilirudishwa mara ngapi.

Taasisi zimeanza kulitambua hilo. Chuo Kikuu cha Cornell kilianzisha hazina yake ya hip-hop mwaka 2007, ambamo zimo santuri pamoja na kaseti na vipeperushi vya dansi za Bronx. Mpangilio huo ni wa busara, kwa sababu kila kimoja kati ya vitu hivyo hurekebisha upungufu wa kingine. Anayetegemea santuri peke yake ataianza historia mwaka 1979, atampa sifa asiyetunga, na hatamsikia kabisa aliyepiga ngoma.

Hitimisho

Jambo hili si la wageni peke yao. Tungo za Muyaka bin Haji wa Mombasa zilitufikia kwa sababu W. E. Taylor, akisaidiwa na Mwalimu Sikujua, alizikusanya miongo mingi baada ya mshairi kufariki, hata Hichens akapata cha kuchapisha mwaka 1940. Siti binti Saad alirekodiwa Bombay mwaka 1928, na santuri alizorekodi huko leo zinategemea walioziweka vizuri. Fanki nayo ilipigwa Kenya katika miaka ya 1970. Wimbo "Fever" wa Ishmael Jingo ulirudishwa masikioni mwa watu kwa mkusanyiko wa Afro-Rock uliotolewa Uingereza mwaka 2001. Waliofukua makasha yetu walitoka mbali, nao walirudi na walichokipata.

Hatuwezi kuwalaumu kwa kutafuta tusichokitafuta. Linalotupasa ni kuufanya ukusanyaji kuwa sehemu ya taaluma yetu wakati wapigangoma, wapiga gitaa na mafundi wa studio wa miaka ile wangali hai na wanaweza kuulizwa. Mkusanyaji akiipata santuri sokoni na asiandike popote ila jina lililo juu ya lebo, atakuwa ameokoa nusu ya matini. Nusu ya pili imo katika kumbukumbu za waliokuwapo studioni siku ile, na haina nambari iliyochorwa katika plastiki itakayobaki baada yao. Gregory Coleman alipiga vipimo vinne mwaka 1969, na jina lake lilijulikana kwa wengi alipokwisha kuzikwa.